Tofali Lisilotua Chini

Saa mbili asubuhi, Jumapili ya kwanza baada ya mavuno ya mtama, mkono uliochongwa kwa mpingo ulipita mbele yangu juu ya takia jekundu. Aliyeubeba alikuwa mwanamume wa makamo aliyevaa kanzu nyeupe isiyo na doa. Alitembea polepole, macho yake hayakuondoka kwenye takia. Watu waliokuwa njiani walisimama kimya mpaka alipoingia katika kanisa la kwanza.

Nilimfuata hadi mlangoni. Waumini walipanga mstari, kila mmoja akaushika ule mkono, akautikisa, akasema, "Amani iwe nanyi," kisha akarudi mahali pake. Walipokwisha, mbebaji akatoka nao, akavuka barabara, akaingia kanisa la pili. Huko nako waliushika, wakautikisa, wakasema, "Iwe nanyi pia." Kisha likafuata la tatu. Kwa njia hiyo, kabla ya adhuhuri, Wakristo wote wa mji mkuu wa Mapatano walikuwa wamepeana amani, wala hakuna aliyekuwa amemwona mwenzake.

Nilitumwa huko na makanisa ya kwetu. Wakati huo yalikuwa yakigombania uzio wa makaburi, na mzee mmoja wa kanisa alikuwa amekwisha kuvunjwa taya. Tulikuwa tumesikia kwamba katika nchi ya Mapatano Wakristo hawajapigana tangu enzi za mababu. Kazi yangu ilikuwa kuona wanavyofanya na kurudi na taarifa. Hii ndiyo taarifa yenyewe. Nimeandika niliyoyaona, na pale nilipoambiwa tu, nimesema nimeambiwa.

Sharika za nchi hiyo ni tatu. Wasimamao husali wakiwa wamesimama, Wapigamagoti hupiga magoti, na Waketio huketi. Kitabu chao ni kimoja na nyimbo zao ni zilezile. Nilisikiliza mahubiri katika makanisa yote, nisione tofauti ila moja: kila usharika uliwaombea wale wawili wengine wafumbuliwe macho.

Yule mbebaji ndiye aliyekuwa mwenyeji wangu. Jina lake Eliakimu, na cheo chake ni Mbeba Mkono, cheo kinachofuata kile cha Jaji Mkuu. Nilimuuliza chanzo cha desturi ile.

"Zamani tulisali pamoja," aliniambia. "Siku moja ya Pasaka, wakati wa kupeana amani, ikazuka hoja: nani atangulie kunyoosha mkono? Anayetangulia ndiye mnyenyekevu. Basi kila mmoja akataka kuwa mnyenyekevu kuliko mwenzake."

"Ikawaje?"

"Wakapigana." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwamba mvua ilinyesha. "Walivunjana mikono, bwana. Baraza likakaa, likaona kwamba mikono ya watu ndiyo chanzo cha fitina. Ukachongwa huu."

Mkono wenyewe haukukosa historia. Kidole chake kidogo kilikatika kizazi kilichopita, na Wapigamagoti walishutumiwa kwamba wanatikisa kwa nguvu mno. Baraza lilijadili kwa msimu mzima kama kidole kipya kichongwe kwa mti uliotoka kwa Wasimamao au kwa Waketio. Mwishowe walikubaliana mti utoke nchi ya jirani. Ndiyo maana Mkono ni mweusi, na kidole kimoja ni cha mfenesi, cha njano.

Kutokana na Mkono ikazaliwa Sheria ya Kutua. Sheria hiyo inasema kwamba kitu chochote kinachotoka kwa mtu wa usharika mmoja kwenda kwa mtu wa usharika mwingine sharti kitue chini kwanza. Sokoni niliona muuza samaki akiweka samaki kwenye jamvi, akirudi nyuma, na mnunuzi akisogea kumwokota. Nilimwona mkunga, Msimamao, akimzalisha mwanamke wa Waketio. Mtoto alilazwa kwenye mkeka, akalia hapo peke yake, kisha mama yake akanyoosha mikono akamchukua. Nilipomuuliza Eliakimu kama hilo halikuwa baridi kidogo, alinijibu kwamba mkeka ulikuwa umeanikwa juani.

"Na mnapendana?" niliuliza.

"Sana. Kila mwaka tunatoa azimio."

Nilihudhuria mkutano huo wa azimio. Wajumbe waliketi katika vyumba vitatu, milango ikiwa imefungwa, na Eliakimu akapeleka Mkono kutoka chumba hadi chumba. Jioni azimio lilisomwa uwanjani: Wakristo wa Mapatano wanapendana kuliko mwaka jana. Baadaye ikaliwa Karamu ya Ushirika. Kengele moja iligongwa, na kila usharika ukala katika ua wake, nyuma ya ukuta wake, chakula cha aina moja. Nilikula na Wapigamagoti. Wali ulikuwa mzuri. Mwenyeji wangu wa mezani alinihakikishia kwamba nyuma ya ukuta ule watu wengine walikuwa wakiula wali huohuo, na kwamba jambo hilo humtoa machozi kila mwaka.

Kufikia hapo taarifa yangu ingeweza kumalizika, nayo ingekuwa ya sifa. Lakini niligundua kwamba kuta zote za mji huo zilikuwa za matofali ya kuchoma, mekundu, yaliyoiva vizuri, na hakuna aliyetaka kunieleza yanakotoka.

"Ng'ambo ya kilima," Eliakimu alisema hatimaye. "Panaitwa Tanuri. Usiende. Wale ni watu wa moto, hawana adabu."

Nilikwenda.

Tanuri ni uwanda wa udongo mwekundu wenye vibanda pembezoni na tanuri la matofali katikati, kubwa kama nyumba. Watu walikuwa wakilipanga. Mstari wao ulianzia kwenye matofali mabichi yaliyoanikwa ukaishia mdomoni mwa tanuri, wanawake kwa wanaume, na matofali yalipita mkono kwa mkono bila kugusa ardhi. Kwa mikanda yao niliwatambua, maana katika nchi hiyo kila usharika hufunga mkanda wa rangi yake. Mikanda yote mitatu ilikuwemo, tena bila mpangilio.

"Mgeni!" mwanamume mmoja wa Wapigamagoti aliniita bila kuacha kazi. Baadaye nilimjua kwa jina la Filemoni. "Kwenu mnasimama, mnapiga magoti, au mnaketi?"

"Kwetu tunafanya yote matatu katika ibada moja."

"Masikini! Kanisani kwenu mtu anatoka amechoka kuliko sisi!"

Mstari mzima ulicheka, na tofali moja likaanguka. Mwanamke aliyesimama mdomoni mwa tanuri aligeuka. Alikuwa mtu mzima, mkanda wake wa Wasimamao umefifia kwa vumbi. "Filemoni, mdomo wako unapika maneno mabichi," alisema. "Hilo lililovunjika utalifyatua upya, wewe mwenyewe."

Huyo ndiye Mama Damari, mkuu wa Tanuri. Alizaliwa hapo, na mumewe amezikwa hapo, hatua chache kutoka kwenye rundo la kuni. Nilimuuliza kwa nini wanavunja Sheria ya Kutua.

"Tofali bichi ukilitua na kuliinua njia nzima, linafika halina pembe," alijibu. Nilianza kuandika. Akaweka kidole chake chenye udongo juu ya karatasi yangu. "Usije ukaandika kwamba ni kwa sababu ya matofali."

"Ni kwa sababu ya nini?"

"Kaa ule kwanza."

Moto wa tanuri ukishawashwa haulali mpaka matofali yaive, kwa hiyo watu hulinda kwa zamu na kula palepale. Chungu kilikuwa kimoja. Kabla ya kula nilishuhudia ugomvi. Filemoni alisema kuni zilizoletwa ni mbichi, na Damari ndiye aliyeziagiza. Damari akasema Filemoni hajui kuni, anajua kuota moto tu. Sauti zilipanda. Filemoni alimwita mkaidi. Damari alimwita mvivu wa ukoo mzima. Nilitazamia vita. Ndipo mtu mmoja akafunua chungu, wote wakanyamaza, na kila mmoja akamgeukia jirani yake kumpa mkono, mkono wa nyama, wenye udongo na masizi. Filemoni alibaki ameinamisha kichwa. Hakuna aliyegusa chakula. Nao hawakumharakisha. Mwishowe aliinuka, akazunguka chungu, akamnyooshea Damari mkono.

"Amani iwe nawe, mkaidi."

"Iwe nawe pia, mvivu. Kaa ule, kuni hizo nitazibadilisha kesho."

Damari akanigeukia. "Hapa tunagombana karibu kila siku, baba. Ndiyo maana tunapeana amani. Wale wa mjini hawajawahi kukosana. Hiyo amani wanapeana ya nini?"

Niliyaandika maneno hayo bila kuongeza langu.

Mkaguzi wa Umbali, afisa anayesimamia Sheria ya Kutua, alifika kabla tanuri halijaiva. Alisimama juu ya kilima, akaangalia, akashuka na askari. Alikuwa ameona tofali bichi, la tanuri lijalo, likitoka mikononi mwa Damari, Msimamao, na kuingia mikononi mwa Filemoni, Mpigamagoti, bila kutua. Kwa kuwa kitu kisichotua huhesabiwa salamu, shitaka lilikuwa la kupeana amani moja kwa moja, pasipo Mkono. Adhabu yake ni moja: mkuu wa kundi hufukuzwa nchini, asirudi, hata maiti yake isirudi.

"Unajua maana yake kwake?" Filemoni aliniuliza tukiwa njiani kwenda mahakamani. "Kaburi la mumewe liko pale kwenye kuni. Ameshatuonyesha mahali pake ubavuni mwake. Kila mwaka anapalilia pande zote mbili, wa mzee na wake."

Kesi ilisikilizwa mbele ya Jaji Mkuu Malaki, mzee mwembamba anayesikiliza akiwa amefumba macho. Mkono uliwekwa mezani mbele yake, na Eliakimu akasimama pembeni kuulinda, maana kwa sheria hauachwi peke yake. Wakili wa utetezi, Bwana Apolo, alikuwa kijana hodari, nami nakiri kwamba hoja zake zilinivutia.

"Mheshimiwa Jaji, tofali ni nini? Ni udongo. Udongo haujui kusalimia. Kama tofali ni amani, basi kuta za mji huu, zinazotutenganisha vizuri hivi, zimejengwa kwa salamu!"

Baadhi ya watu walicheka. Jaji alifumbua jicho moja.

"Zaidi ya hayo," Apolo aliendelea, "kupokea tofali si kitendo cha hiari. Mwili wenyewe hupokea. Naomba ruhusa nithibitishe."

Ruhusa ilitolewa, tofali likaletwa, likawekwa sakafuni, na Damari akaliokota. "Mama Damari," Apolo alisema, "ionyeshe mahakama ulivyolitoa."

Damari aliangalia kushoto na kulia. Aliyekuwa karibu naye zaidi alikuwa Eliakimu, ambaye ni Mketio. Akamsukumia tofali kifuani, kama afanyavyo kazini, na Eliakimu akalidaka kwa mikono miwili.

Eliakimu alibaki na tofali kifuani, kanzu yake imeingia vumbi jekundu, akimwangalia Jaji kama mtu aliyejikwaa ibadani.

"Mmeona!" Apolo alisema. "Je, Mbeba Mkono amepewa amani na Msimamao? Hasha! Amedaka tofali tu."

Jaji alifumba tena macho. Hali yake haikuwa rahisi. Kama tofali ni amani, Mbeba Mkono naye ni mhalifu, tena mbele ya Mkono wenyewe. Alipozungumza, alizungumza kwa upole.

"Mahakama inaona kwamba tofali ni tofali. Wa Tanuri waruhusiwe kupokezana matofali, kwa kuwa katika kupokezana huko hakuna amani yoyote. Kinachobaki ni mshitakiwa athibitishe. Mama, shika Mkono useme, 'Lilikuwa tofali tu.' Kisha rudi nyumbani kwako."

Ilikuwa hukumu njema, nami niliiona hivyo. Apolo alikuwa tayari anakusanya karatasi zake. Kutoka nyuma mwanamke mmoja wa Tanuri alisema kwa sauti ya chini, "Sema, Mama Damari. Ni maneno matatu."

Damari aliuangalia Mkono wa mpingo wenye kidole cha njano. Hakuugusa.

"Halikuwa tofali tu," alisema.

"Mama," Apolo alinong'ona, "tumeshinda. Tafadhali."

"Wewe umeshinda, mwanangu, na Mungu akubariki, unajua kusema. Lakini umeshinda kwa kusema kwamba pale kwetu hakuna kitu." Akamgeukia Jaji. "Mheshimiwa, mkaguzi wako hana kosa. Ameona sawasawa. Siku ile Filemoni alikuwa amenitukana mbele ya watu. Nilipompa tofali lile nilikuwa nimemsamehe, naye alilipokea akijua. Nilimpa amani. Nimempa kila siku, na yeye amenipa, na wote wale wamepeana. Nikisema ni tofali tu, nitarudi nyumbani, ndiyo, lakini nitarudi kwenye udongo mtupu."

"Unaelewa adhabu?" Jaji aliuliza, macho wazi yote mawili.

"Naielewa. Iandike."

"Na tofali alilopokea Mbeba Mkono?"

Damari alimtazama Eliakimu, ambaye bado alikuwa amelishika. "Nilimpa hivyohivyo," alisema. "Kama alipokea tofali tu, hilo analijua yeye."

Jaji alisubiri Eliakimu aseme neno. Eliakimu hakusema. Ikaandikwa kwamba Mbeba Mkono alikuwa kazini, na kwamba Damari wa Tanuri atavuka jiwe la mpaka kesho yake kabla jua halijatua.

Kesho yake asubuhi tanuri lilikuwa limeiva. Hakuna aliyelifungua. Watu wa Tanuri walijipanga tena, safari hii kuanzia mlangoni kwa Damari, kupita uwanda, kupanda kilima na kushuka upande wa pili hadi kwenye jiwe la mpaka. Hawakutosha. Nilidhani wangeacha nafasi kati yao na kutembea. Lakini kabla ya adhuhuri walianza kuja watu wa mjini, mmoja mmoja, wengi wao wanawake. Yule mkunga alikuja. Muuza samaki alikuja na mikono yake inayonuka. Waliingia katika mstari bila kuulizana mikanda, na vyombo vya Damari vikaanza kupita: kitanda, kinu, mikeka, tenga lenye kuku wawili waliolalamika njia nzima. Hakuna kilichotua.

Askari walipewa amri ya kumkamata kila mvunja sheria. Waliutazama mstari. Mmoja wao alimwona mama yake ndani yake, akaanza kukagua kamba za viatu vyake.

Mimi nilikuwa juu ya kilima, nikiandika. Mbele yangu kulikuwa na pengo, na mwanamke aliyekuwa chini yake alishindwa kufikia.

"Mgeni," alisema, "mikono yako ina kazi gani?"

Niliweka karatasi mfukoni. Nilipokea mchi wa kinu, nikampa. Ulikuwa mzito.

Kwenye jiwe la mpaka sheria humruhusu Mbeba Mkono peke yake kusimama. Damari alikuwa amekwisha kuvuka. Eliakimu alisimama kati yake na mstari, takia likiwa mikononi, Mkono juu yake. Ile kanzu yenye doa jekundu kifuani hakuwa ameibadilisha. Mtu wa mwisho katika mstari alikuwa Filemoni. Kila chombo kilipomfikia alikitua kwenye nyasi kando ya jiwe, kama sheria inavyotaka mpakani, na Damari akakiokota. Vyombo vilipokaribia kwisha niliteremka nikasimama karibu nao, kwa hiyo yaliyofuata niliyaona.

Chombo cha mwisho kilikuwa chungu, kile walichokilia pamoja. Kilikuwa kimetoka motoni, kimejaa, na mvuke ulitoka kwenye kifuniko. Kilikuwa kimepita kilima chote juu ya majani ya mgomba. Kilipomfikia Filemoni majani yalikuwa yameisha, naye alikishika kwa viganja vitupu.

"Kitue," Eliakimu alisema.

"Hiki sikitui."

"Vingine umevitua."

"Vingine ni vyombo."

"Filemoni, kinakuunguza."

"Naona."

Damari alikuwa amenyoosha mikono yake miwili hadi usawa wa jiwe, lakini Filemoni hakuweza kumfikia bila kupita mahali aliposimama Eliakimu. Eliakimu aliangalia takia. Nilikuwa nimeambiwa, na sijapata sababu ya kutoamini, kwamba tangu ulipochongwa Mkono ule haujawahi kugusa ardhi.

Aliinama. Aliliweka takia kwenye nyasi. Mkono ukabingirika, ukalala udongoni, kidole cha njano kikiangalia juu. Akakipokea chungu kwa Filemoni, akageuka, akampa Damari mikononi.